Somo: Kupamba njia ya maharusi kwenye meli ya kitalii

Habari zenu wapendwa. Wengi mmekuwa mkiniuliza kuhusu harusi za melini, hasa nyie wa Houston na Dallas mnaopanga kufungia kwenye meli zinazoondoka bandari ya Galveston. Leo tunashughulikia sehemu moja tu: njia anayopita bibi harusi kati ya viti vya wageni mpaka anapomkuta mwenzake.

Msimamo wangu nausema mapema. Melini usipambe sakafu, pamba viti. Ile njia ndiyo watu watakayoikimbilia likitokea la kutokea, kwa hiyo wahudumu hawataki kuona stendi, kamba wala kitambaa kilicholegea chini. Anayekuja na roho ya ukumbi wa nchi kavu, na mazulia yake na nguzo zake za maua, nusu ya vitu atarudi navyo kwenye begi.

Hatua ya 1: Jua mnafungia wapi, na meli itakuwa wapi saa hiyo

Kuna harusi ya ndani, kwenye kanisa dogo la meli au ukumbi. Kuna ya sitaha ya wazi meli ikiwa bado gatini. Na kuna ya sitaha ya wazi meli ikiwa safarini. Hizi ni kazi tatu tofauti kabisa.

Meli ikienda maili 20 za baharini kwa saa, hata kama hewa imetulia tuli, aliyesimama sitahani anapigwa na upepo wa kilomita 37 kwa saa. Huo unapindua stendi ya maua na kuipeperusha shela. Ndiyo maana mimi nikishirikishwa mapema huwashauri maharusi wafunge ndoa siku ya kupanda, meli ikiwa imefungwa gatini. Faida nyingine ni kwamba ndugu wasiosafiri wanaweza kuingia, kushuhudia ndoa na kushuka kabla meli haijaondoka, mradi majina yao yamepelekwa mapema na kila mtu ana kitambulisho chake. Kwa familia zetu, ambapo shangazi sita wanataka kuwepo na wawili tu ndio wana tiketi, hilo ni jambo kubwa.

Hatua ya 2: Omba orodha ya marufuku kwa maandishi

Iombe kwa mratibu wa harusi wa kampuni ya meli, na uisome kabla hujanunua hata utepe. Kampuni zinatofautiana, lakini haya yamekatazwa karibu kila mahali: mishumaa ya moto, pasi za nguo (za mvuke pia), taa za mapambo za kuchomeka kwenye umeme, baluni za gesi, mchele na vile vikaratasi vya kurusha. Mkasi unaruhusiwa mara nyingi ukiwa na makali yasiyozidi sentimita 10.

Msione wanawaonea. Machi 2006, meli ya Star Princess ilishika moto usiku karibu na Jamaika. Wachunguzi walisema yaelekea chanzo ni kipisi cha sigara kilichotupwa, kikaangukia vitu vya kwenye roshani. Vyumba vingi viliungua na abiria mmoja akafariki. Moto baharini hauna zimamoto wa kuitwa kutoka mtaa wa pili. Na vile vikaratasi vikiwa vya plastiki, pamoja na maua ya plastiki yaliyonyofolewa, vikipeperuka ni taka za plastiki baharini, kitu ambacho mkataba wa kimataifa wa MARPOL unakataza popote pale.

Hatua ya 3: Vipimo

Uliza mambo manne: safu ngapi za viti, viti ni vya aina gani, upana wa njia, na dakika mtakazopewa kupamba. Usitegemee saa nyingi, maana sehemu hiyohiyo inaweza kuwa na shughuli nyingine kabla yenu. Njia iwe na upana wa mita moja na nusu kama bibi harusi anaingia na baba na gauni ni pana. Kwa urefu, hesabu sentimita 90 kwa kila safu. Safu sita ni kama mita tano na nusu, basi. Njia za melini ni fupi, na ufupi huo ni mzuri, kwa sababu vitu vichache vinaijaza.

Hatua ya 4: Kanga kwenye migongo ya viti

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi yetu inapokuwa yetu na si ya kila mtu.

Kumbuka bibi harusi anaingia akitokea nyuma. Anachokiona njia nzima ni migongo ya viti. Basi tunaiweka kanga hapo, jina (yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga) likimtazama yeye, alisome akipita.

Kanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa mita moja na kidogo. Ikunje kwa urefu wake mpaka ubaki na mkanda wa upana wa sentimita 30 hivi, na uhakikishe upande wa mbele wa mkanda umebeba pindo la chini na jina. Usiikunje kwa mikunjo midogo kama feni, jina litamezwa. Uutandaze mkanda kwenye migongo ya viti viwili vya ndani, vile vinavyopakana na njia. Viwili pamoja vina upana wa kama sentimita 90, kwa hiyo jina linakaa katikati lote na ncha mbili zinabaki za kukunjia mbele. Funga kila ncha kwa utepe wa satini kwenye nguzo ya kiti, fundo lifichwe upande wa ndani. Kiti kimoja kikitaka kuanguka kwa upepo, mwenzake anakishikilia.

Safu sita, pande mbili, ni kanga kumi na mbili, yaani doti sita. Kila doti igawe: kanga moja kushoto, pacha wake kulia, safu ileile. Chagua rangi mbili au tatu tu. Majina yawe ya baraka na pongezi. Yale ya kupigana vijembe mwachieni mwenyewe nyumbani, maana picha hizi watazitazama wajukuu. Sherehe ikiisha, kila doti inaungana tena na kupewa shangazi, mama mkubwa, mama mkwe. Kwa hiyo usiikate wala kuitoboa.

Kanga mpya ni ngumu kwa wanga. Ifue mara moja, ipige pasi nyumbani, halafu iviringishe kwenye bomba la boksi badala ya kuikunja. Pasi hutaipata melini kirahisi. Ikijikunja hata hivyo, itundike bafuni kwenye chumba chako na ufungulie maji ya moto, mvuke utainyoosha.

Hatua ya 5: Maua ya pembeni mwa viti

Shada moja kila upande wa safu, kwenye kiti cha ndani kinachopakana na njia, usawa wa mkono wa mtu aliyekaa. Likiwa juu zaidi linamziba mgeni wa nyuma, likiwa chini gauni linalikwangua.

Mimi hutumia maua ya bandia ya kitambaa yaliyo mazuri, waridi kubwa matatu na madogo matano, yamefungwa kwa waya mwembamba na kuzungushiwa utepe wa kijani. Kwenye kiti nalishika kwa kamba mbili za plastiki za kukaza. Kamba moja inageuka na shada linaangalia chini, mbili zinalituliza. Mikia ya utepe isizidi sentimita 40. Kama ni sitaha ya wazi, shonea washa ndogo ya chuma (kile kiduara kinachowekwa chini ya nati) kwenye ncha ya kila mkia, vinginevyo upepo utaupiga usoni mwa mgeni.

Mkitaka maua mabichi, agizeni kupitia ofisi ya harusi ya meli yenyewe. Msiyashushe kwenye bandari za nje, na mkirudi Marekani mimea yoyote inatangazwa forodhani. Kwa harufu ya nyumbani, ulizieni asumini kwenye maduka ya Wahindi mtaa wa Hillcroft, Houston, bibi harusi avae kikuba siku ya kupanda. Mwulizeni mratibu kwanza kama kitapita.

Hatua ya 6: Mwanzo wa njia

Sehemu hii nitaipita haraka. Kama kuna mlango au reli ya chuma, tumia kulabu za sumaku. Kuta nyingi za melini ni chuma na sumaku inashika vizuri sana. Sitaha za juu wakati mwingine zimejengwa kwa alumini na hapo haishiki, kwa hiyo beba utepe wa akiba. Bandika kitambaa laini nyuma ya sumaku isikwaruze rangi. Gundi na selotepu usiziguse kabisa.

Hatua ya 7: Kufungasha, kupanda, kufunga

Harusi ikiwa siku ya kupanda, mapambo yasiingie kwenye mabegi unayowapa wapagazi gatini. Mabegi hayo yanaweza kufika chumbani jioni, ndoa imeshafungwa. Beba mkononi.

Fungasha kwa safu. Mfuko mmoja kwa kila safu, una namba yake, na ndani: kanga mbili, mashada mawili, tepe nne, kamba za plastiki nne. Mpe kila msaidizi safu zake. Anzeni safu ya mbele mkirudi nyuma, ili msipite tena mlikomaliza. Kisha mtu mmoja asimame pale atakaposimama bibi harusi na atembee njia nzima taratibu, akitazama majina yote yamenyooka. Mwendo huo usiachwe hata kama mmebakiwa na dakika mbili.

Maswali ya wanakikundi

Swali (Dallas): Shikamoo dada. Mama mkwe anataka kanga zitandikwe chini bibi harusi akanyage, kama tulivyofanya kwenye sendofu ya dada yake. Nimwambieje?

Marahaba mdogo wangu. Usimwambie hapana, mpe mahali pengine. Asubuhi ile bibi harusi akitoka chumbani kwake hotelini Galveston kwenda kupanda gari, tandikeni kanga kuanzia mlangoni, mama mkwe aongoze, vigelegele vipigwe. Hapo hakuna mtu wa kuwakataza, na mpiga picha awepo. Melini zile kanga zitakuwa zimepanda kwenye viti.

Swali (Minneapolis): Sisi ni Waislamu, nikahi tutafungia msikitini wiki ile. Melini ni bibi harusi kuingia na kukaa tu. Njia hii inatufaa?

Inawafaa sana, mashallah. Angalizo langu ni moja: kanga yenye aya au jina la Mwenyezi Mungu isiwekwe kwenye kiti watu wanapoegemea. Chagueni majina ya kawaida ya pongezi. Na mwisho wa njia, mahali pa madhabahu, wekeni kiti cha bibi harusi kikiwatazama wageni.

Swali (Columbus): Taa za betri zinaonekana mchana?

Kwenye jua hazionekani. Zitumie ndani au jioni tu, na ujue betri nazo zina masharti yake kwenye orodha.

Swali (Louisville): Dada, kanisa la meli tuliyochagua lina mabenchi ya mbao, hakuna viti. Kanga tutaifungaje?

Benchi lina mgongo mrefu, kwa hiyo badilisha mtindo. Kunja kanga mkanda wa sentimita 30 kama kawaida, uitandaze kwenye mgongo wa benchi kuanzia ukingo wa ndani, jina nyuma. Ishike kwa utepe mpana unaozunguka mgongo mzima wa benchi, mmoja kila upande wa jina. Usipige pini kwenye mbao. Shada litaning'inia kwenye ule utepe wa ukingoni. Pima unene wa mgongo wa benchi kwenye picha watakazokutumia, au muulize mratibu, ukate tepe ndefu kuliko unavyodhani.

Swali (Houston): Ni kweli kapteni anaweza kutufungisha ndoa? Kama ndiyo, tungependa iwe baharini.

Inategemea bendera ya meli. Meli zilizosajiliwa Bermuda zinaweza, kwa kibali kinachoombwa mapema kupitia kampuni. Kampuni ya meli ya Cunard ilihamishia usajili wa meli zake Bermuda mwaka 2011, na tangu hapo makapteni wake wanaweza kufungisha ndoa baharini. Mkifungia gatini Galveston, sheria ni ya Texas: leseni mnachukua kabla, na kwa kawaida mnasubiri saa 72 baada ya kuipata. Kwa upande wa mapambo, mkichagua baharini, ombeni ukumbi wa ndani ulio katikati ya meli, sitaha za chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Chombo chochote cha maua kiwe kipana chini na kifupi.

Swali (Mombasa): Binti yangu anaolewa huko na ameniomba nimtumie kanga. Nitume doti ngapi?

Mama, shikamoo. Muulize kwanza safu ni ngapi. Doti moja ni safu moja. Ongeza mbili: moja ya akiba, na moja ya kumfunika mabegani akishuka kutoka sitahani, maana jioni kunakuwa na baridi. Zitume mapema ili wazifue na kuzipiga pasi wao wenyewe.