Namna ya kuelewa na kuomba shauri lisikilizwe "in camera"

Neno "camera" katika Kilatini ni chumba chenye dari la kuba, na kifaa cha picha kilirithi jina hilo kutoka "camera obscura", yaani chumba cha giza. Kwa hiyo ukisoma katika mwenendo wa shauri kwamba ushahidi ulitolewa "in camera", elewa kuwa ulitolewa faraghani: umma na wanahabari walitolewa nje, wadaawa na mawakili wao wakabaki.

Kosa ninaloliona mara nyingi, hata kwa watu waliosoma, ni kulichanganya neno hili na "ex parte", ambako upande mmoja husikilizwa bila mwingine. Katika usikilizaji wa faragha mpinzani wako yumo ndani, na haki yake ya kumhoji shahidi wako iko pale pale.

Kabla ya kuomba, kumbuka kwamba msingi ni mahakama ya wazi. Ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 inaruhusu umma kuondolewa kwa sababu za maadili, utulivu wa umma, usalama wa taifa, maisha binafsi ya wadaawa, au pale uwazi ungeharibu haki yenyewe. Aibu ya kawaida haimo. Chagua sababu inayokuhusu, ieleze katika ombi ukiambatanisha hati ya kiapo inayoonyesha madhara halisi, kisha omba kidogo iwezekanavyo. Mkemia anayetoa ushahidi kuhusu siri ya biashara, kwa mfano, ahojiwe hadharani mpaka afike kwenye vipimo vya mchanganyiko. Hapo wakili asimame aombe milango ifungwe kwa sehemu hiyo tu, na vipimo vikishasomwa umma urudi. Ombi la namna hiyo ni gumu kulikataa.

Uliza pia ni nini kitakachobaki siri baadaye. Katika Scott dhidi ya Scott, mke aliyepata ubatilisho wa ndoa faraghani aliwapelekea watu watatu nakala za mwenendo, akatiwa hatiani kwa kudharau mahakama, hadi Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu ya rufaa wakati huo, lilipoutengua uamuzi huo mwaka 1913. Ili usiingie katika mashaka kama yake, omba amri itaje waziwazi ni nyaraka zipi zisitolewe, kwa nani, na hadi lini.