Kusema "ningekuwa na pesa" kwa Kihindi: -ki-, -nge- na -ngali- zitakubeba

Watu wakifika kwenye sentensi za "kama" kwenye Kihindi wanatoa macho, ila sisi waswahili tuna bahati bana, -ki-, -nge- na -ngali- zetu zina wenzao kule karibu moja kwa moja. Nitaandika kwa herufi zetu, irabu mbili maana yake vuta.

Hatua ya kwanza, shika agar (अगर) na to (तो). Agar ni "kama", to inafungua upande wa pili, kama "basi". Ukiwa na haraka agar unaiacha tu, ila to usiiguse, ndo inashikilia sentensi.

Ya pili, -ki-. Agar tum aaoge to main bhii aauungaa, ukija na mimi nitakuja. Pande zote ni wakati ujao. Utasikia pia agar baarish huii, umbo la jana kabisa, na mvua yenyewe haijanyesha, usishtuke, ni "ikinyesha" tu.

Ya tatu ndo yenyewe, -nge-. Chukua kitenzi khariidnaa (kununua), toa naa, weka taa kama ni mwanaume, tii mwanamke, te wanaume wengi au mchanganyiko, tiin wanawake wengi na hiyo n ipitie puani. Afu:

Agar mere paas paise hote to main gaarii khariidtaa.
Ningekuwa na pesa ningenunua gari.

Paise na gaarii ushazijua, ni pesa na gari zetu hizihizi zilivuka bahari. Ona pia ile t imekaa pande zote mbili kama -nge- yetu. Ni hote kwa sababu inafuata paise, ni nyingi na ni za kiume.

Hapa mimi niliumbuka. Kihindi nilikiokota Delhi kwa mama mwenye nyumba, alivyosema ndo nilivyosema, miezi mizima jitu zima na ndevu nasema khariidtii, wauza mboga wanacheka na mimi nadhani wananipenda. Na usiongeze huun mwishoni, main khariidtaa huun ni "huwa nanunua", sharti lote limekufa.

Ya nne, -ngali-, mambo yaliyokwisha haribika. Kitenzi cha wakati uliopita halafu hotaa:

Agar tumne davaa khaaii hotii to thiik ho gae hote.
Ungalikunywa dawa ungalikuwa umepona.

(Kule dawa inaliwa, hainywewi.) Unaongea na mwanaume lakini ni khaaii hotii, kwa nini? Kwa sababu ya ile ne kwenye tumne, ikiingia kitenzi kinamwacha mtendaji kinafuata kitu kilichotendwa, na davaa ni ya kike. Hii itakusumbua, zoea tu. Ila mtaani wengi wanatumia -taa hata kwa ya jana, kama sisi tunavyoweka -nge- kila mahali na -ngali- tunawaachia walimu.

Kukanusha weka neno lao "na" (si na yetu): agar baarish na hotii to ham aate, mvua isingenyesha tungekuja. Nahiin nayo utaisikia.

Na ukiwa na majuto tu bila upande wa pili, tupa agar weka kaash, hiyo ni "laiti". Kaash main vahaan hotaa, laiti ningekuwa kule. Dada zangu, hotii.