Kwenda jinja kuomba mwongozo kabla ya kuanza jambo jipya: hatua kwa hatua, na namna ya kusoma omikuji

Mwishoni mwa Machi nilimpeleka binti wa kaka yangu Dazaifu, mkoa wa Fukuoka. Tarehe 1 Aprili alikuwa anaanza kazi ya kutunza wazee. Hapa Japani shule na ajira nyingi huanza Aprili, kwa hiyo wiki zile jinja hujaa watu wenye jambo jipya mbele yao. Tulifika saa tatu asubuhi tukaondoka saa nane mchana, na katika saa hizo tano, karibu tatu zilimalizikia kwenye kikaratasi kimoja cha mwongozo, *omikuji*. Nimeandika haya ili wewe usizipoteze.

Jinja ni mahali pa ibada ya Shinto, na wanaoheshimiwa pale huitwa kami. Hakuna atakayekuuliza dini yako mlangoni. Mama mkwe wangu, aliyenifundisha yote haya, aliniambia tangu siku ya kwanza kwamba naweza kuinamisha kichwa tu kwa heshima nikaishia hapo. Kila mtu aamue na dhamiri yake.

Hatua ya 1: Weka nia nyumbani

Sema jambo lako kwa sentensi moja kabla hujatoka. "Naanza kazi ya kutunza wazee, naomba nijue niende vipi" inatosha. Ukienda na mambo saba utarudi na jibu lisilo la lolote kati yake.

Kama umefiwa na mtu wa karibu, subiri. Sisi tuna arubaini. Washinto huhesabu siku 50, na ndani ya siku hizo aliyefiwa haendi jinja.

Hatua ya 2: Chagua jinja inayohusika na jambo lako

Usichanganye jinja na hekalu la Kibuddha. Majina yanayoishia na *-ji* au *-dera* ni ya Kibuddha, na huko watu huunganisha viganja kimya, hawapigi makofi. Yanayoishia na *jinja*, *jingū*, *taisha* au *tenmangū* ni ya Shinto.

Kwa masomo na mitihani, watu huenda Tenmangū. Kwa biashara, huenda kwa Inari, kami wa biashara, na jinja kuu ya Inari ni Fushimi Inari kule Kyoto. Kwa ndoa na mahusiano, Izumo Taisha. Mimi nilichagua Dazaifu Tenmangū kwa sababu anayeheshimiwa pale, Sugawara no Michizane, alikuwa msomi na waziri aliyesingiziwa, akapelekwa mbali na mji wake mwaka 901, akafia Dazaifu mwaka 903. Binti aliyetoka Tanga hadi Fukuoka hahitaji kuelezwa umbali ni nini. Pembeni ya jumba kuu pana mti wa *ume*, plamu ya Kijapani, ambao hadithi yasema uliruka usiku mmoja kutoka Kyoto kumfuata bwana wake. Alisimama mbele ya mti ule muda mrefu bila kusema neno.

Nenda asubuhi, siku ya kazi. Siku tatu za kwanza za Januari usiende kabisa ikiwa unataka utulivu.

Hatua ya 3: Piga hodi

Lango lile la nguzo mbili, *torii*, ndilo mlango. Simama, inama mara moja, kisha pita ukiwa upande wa kushoto au kulia. Katikati ya njia ni pa kami. Ukitoka, geuka, inama tena.

Dazaifu ina madaraja matatu juu ya bwawa: la wakati uliopita, la sasa na la wakati ujao. Mama mkwe husema, la kwanza usigeuke nyuma, la pili usisimame, la tatu usijikwae. Binti alilivuka la tatu akitazama kila hatua aliyoweka.

Hatua ya 4: Maji

Aliyezoea kutawadha hatapata shida. Shika kata kwa mkono wa kulia, osha wa kushoto. Badilisha, osha wa kulia. Rudisha kata mkono wa kulia, mimina maji kwenye kiganja cha kushoto, sukutua, tema chini pembeni, usitemee birikani. Osha tena mkono wa kushoto. Mwisho simamisha kata wima ili maji yaliyobaki yateremke na kuosha mpini, uirudishe kifudifudi. Yote kwa maji ya kata moja. Kuna jinja zilizoondoa kata tangu 2020 na kuweka maji yanayotiririka. Hapo osha mikono tu.

Hatua ya 5: Sala

Weka sarafu taratibu kwenye sanduku la sadaka, usiirushe. Watu hupenda ya yen 5 yenye tundu katikati, kwa kuwa *go-en*, yaani yen 5, husikika sawa na neno la uhusiano au kuunganishwa. Inama mara mbili, piga makofi mawili, omba, inama mara moja. Izumo Taisha hupigwa makofi manne.

Ukiomba, taja jina lako na unakoishi kwanza, kisha shukuru, ndipo useme nia yako. Sema kwa Kiswahili. Nimesali hivyo miaka yote na sioni sababu ya kubadili.

Hatua ya 6: Omikuji, na hapa twende pole

Omikuji ni karatasi ya mwongozo. Ichukue baada ya sala, kamwe si kabla. Bei huwa kama yen 100 hadi 300. Kukiwa na kisanduku cha pembe sita chenye vijiti, chagua hicho badala ya mashine: unatikisa ukiwa na nia moyoni, kijiti kimoja chatoka, unasoma namba, unapewa karatasi yake.

Kwetu pwani mtu akitaka kusafiri au kuoa aliweza kwenda kupigiwa bao au ramli, na mtaalamu akamsomea. Hapa hakuna wa kukusomea. Unajisomea mwenyewe, na hapo ndipo saa zetu tatu zilipokwenda.

Binti alifungua karatasi, akaielekezea simu, simu ikaandika "bahati ya mwisho". Uso ukambadilika. "Shangazi, ina maana hii ndiyo bahati yangu ya mwisho?" Akakaa kwenye benchi, machozi yakamtoka. Neno lenyewe lilikuwa *suekichi*. Ni kweli *sue* ni mwisho, lakini maana ya neno zima ni heri inayokuja baadaye. Ni ngazi ya heri, tena yenye subira ndani yake.

Kwa hiyo, la kwanza: funga simu. Lugha ya omikuji ni Kijapani cha zamani na programu za kutafsiri huivuruga. Kama husomi Kijapani, jinja nyingi kubwa zina karatasi za Kiingereza, uliza kwenye dirisha la hirizi. Au mwombe mtu mzima Mjapani akusomee kwa sauti. Yule mama muuza chai aliyetusaidia alisoma mistari mitatu ambayo sisi tulikuwa tumeihangaikia saa nzima.

La pili: usianze na neno kubwa la juu. Najua macho hukimbilia hapo. Ngazi ni hizi: *daikichi* heri kuu, *kichi* heri, *chūkichi* heri ya kati, *shōkichi* heri ndogo, *suekichi* heri ya baadaye, *kyō* shari, *daikyō* shari kuu. Lakini jinja hazikubaliani juu ya mpangilio wake. Pengine *kichi* iko juu ya *chūkichi*, pengine chini. Meiji Jingū ya Tokyo haiandiki heri wala shari, inakupa shairi tu la Mfalme Meiji au la mkewe, Malkia Shōken. Mimi naipenda zaidi kuliko zote kwa sababu hiyo hiyo: inakulazimisha usome.

La tatu: kwenye karatasi yenye shairi, soma shairi kwanza, mara mbili. Shairi ndilo jibu la nia yako; mistari midogo ni matawi yake. La binti lilikuwa juu ya theluji inayochelewa kuyeyuka na chipukizi lililo chini yake. Aliposomewa hilo, alinyamaza, akaitoa ile sentensi aliyoiandika nyumbani akaviweka pamoja mapajani.

La nne ni mistari midogo, na hii ndiyo mitego yake:

*Machibito*, mtu unayemngoja. Binti alidhani ni mama yake. Neno hili laweza kuwa mpenzi, lakini pia mtu au jambo litakalokuja kukuonyesha njia. Yake ilisema *kitarazu, tayori ari*: hatafika, lakini habari zitafika. Simu ilikuwa imeimeza ile *-zu* ya kukanusha na kumwambia atafika. Tafuta *-zu* kila mstari. Herufi ni ndogo, nayo inageuza maana yote.

*Hōgaku*, upande wa dunia. Zamani pande zilitajwa kwa majina ya wanyama. Simu ilisema "kondoo na nyani". *Hitsuji-saru* ni kusini-magharibi. *Tatsumi*, joka na nyoka, ni kusini-mashariki. *Ushitora*, ng'ombe na chui milia, ni kaskazini-mashariki. *Inui*, mbwa na nguruwe, ni kaskazini-magharibi.

*Usemono*, kilichopotea. *Idegatashi* ni vigumu kuonekana, si kwamba hakitaonekana. Mwisho wa *-gatashi* wakuambia jambo ni gumu; haufungi mlango.

*Yautsuri* ni kuhama nyumba, *akinai* biashara, *gakumon* masomo, *yamai* ugonjwa. Soma mstari unaogusa nia yako na uache mingine. Usitafute harusi kwenye karatasi uliyoichukua kwa ajili ya kazi.

Ukipata *kyō*, usichukue nyingine palepale hadi upate unayoitaka. Mimi nilipata *kyō* mwaka nilipotaka kufungua duka la vitambaa. Niliangalia neno lile moja, nikakunja karatasi, nikaahirisha miezi minne. Baadaye mama mkwe aliifungua akaniuliza kwa nini sikusoma mstari wa *akinai*. Ulisema: anza kidogo, usikope. Duka lingeweza kufunguliwa siku ileile, kwa meza moja. Bado naijutia ile miezi minne, na ndiyo sababu hatua hii nimeiandika ndefu.

Hatua ya 7: Kufunga au kubeba

Karatasi yenye shari wengi huifunga kwenye kamba zilizotengwa. Usifunge kwenye matawi, mti unaumia. Yenye maneno unayotaka kuyafuata, ibebe kwenye pochi. Andika tarehe na nia yako nyuma yake, maana baada ya miezi sita hutakumbuka uliuliza nini.

Hatua ya 8: Ombi rasmi, ukitaka

Kwa jambo zito, kama kufungua biashara, unaweza kuomba *gokitō*: kuhani anasoma sala akitaja jina na anwani yako ndani ya jumba. Sadaka huanzia mara nyingi yen 5,000, kwenye bahasha yenye uzi mwekundu na mweupe uliofungwa fundo la kipepeo. Fomu itataka jina lako kwa katakana, herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni. Sisi tuna nafuu hapo, kwani silabi zetu nyingi huishia na irabu kama zao. Salima na Juma huandikika bila kupinda. Waandikie wewe mwenyewe ili kuhani asibahatishe.

Hirizi, *omamori*, usiifungue kifuko chake. Baada ya takriban mwaka irudishe jinja ulikoitoa, kuna sanduku lake. Binti alichukua ya rangi ya buluu, akanunua na *umegae mochi*, vitumbua vya mchele vyenye maharage matamu ndani, mbili za moto pale njiani kuelekea stesheni, moja yangu. Karatasi yake iko kwenye kitambulisho cha kazi, nyuma ya picha. Hirizi atairudisha Machi, na tumeshakubaliana treni ya saa mbili asubuhi.