Mkojo wa Farasi Ukigeuka Rangi: Namna ya Kutafuta Chanzo

Kabla ya kuhukumu rangi, kinga mkojo wenyewe unapotoka kwa kopo jeupe lililo safi, kwa sababu doa jekundu au la kahawia juu ya maranda ya bandani hudanganya: mkojo wa farasi una kemikali za asili zinazogeuka rangi zikikaa hewani, hata mnyama akiwa mzima. Ukungu na utelezi pia si ugonjwa, bali ni chembe za kalisi na ute.

Ukiwa wa manjano iliyokolea tu, ulizia maji kwanza. Wakati wa kaskazi, unyevunyevu wa Dar es Salaam huzuia jasho kukauka, na farasi aliyepandwa ufukweni jua likiwa limepanda hupoteza maji na chumvi nyingi kuliko mpandaji anavyodhani. Apatapo maji ya kutosha, jiwe la chumvi na kivuli, rangi hurudi. Isiporudi, tatizo si kiu. Tafadhali usimpe dawa ya maumivu angali amepungukiwa maji, kwani huweza kumwumiza figo.

Rangi ya kahawa baada ya mazoezi ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mara nyingi farasi huyo alipumzika siku moja au mbili huku akila nafaka kama kawaida, kisha akarudishwa kazini ghafla. Hutoka jasho jingi, hatua zake hufupika, misuli ya matako hukakamaa kama ubao, na ingawa tatizo haliko tumboni, wengi hudhani ana msokoto wa tumbo. Misuli imevunjika, na rangi yake inapita kwenye figo na kuzidhuru. Shuka papo hapo, ondoa tandiko, usimtembeze hata kwa nia ya kumlegeza, mpe maji, umwite daktari wa mifugo aje hapo farasi alipo.

Kama hakufanya kazi ngumu lakini ana homa inayozidi nyuzi 38.5, na ufizi umepauka au umekuwa wa manjano, mkague kupe masikioni, chini ya mkia na mapajani. Kupe huambukiza vimelea vya Babesia caballi na Theileria equi, ambavyo hupasua chembe nyekundu za damu, na daktari huvitafuta kwa kuchukua damu na kuipima kwa hadubini. Ini likiugua, nalo huweza kuleta mkojo wa kahawia na macho ya manjano.

Damu halisi hutambulika kwa kuuacha mkojo utulie katika glasi, kwani chembe zake huzama chini, ilhali rangi ya misuli haitengani. Angalia pia inatoka lini: ikija mwishoni mwa kukojoa, hasa baada ya mazoezi, fikiria jiwe la kibofu. Andika saa, kazi aliyofanya na chakula alichokula, kisha umkabidhi daktari pamoja na mkojo uliokingwa siku hiyohiyo na kuhifadhiwa kwenye baridi.