Bodi ya Shule Inapotaka Kuwapa Walimu Bunduki: Mwongozo kwa Mzazi Anayezungumza Kiswahili Nchini Marekani

Barua hiyo huja ndani ya mkoba wa mtoto, imeandikwa kwa Kiingereza na kukunjwa pamoja na orodha ya chakula cha mchana na tangazo la picha za darasa. Inasema kwamba bodi ya shule itajadili pendekezo la kuwaruhusu baadhi ya wafanyakazi kubeba silaha, na inataja tarehe ya kikao. Kwa miaka kadhaa nimewakalimania wazazi wenzangu katika vikao vya aina hii hapa Ohio, na nimeona wengi wakitoka kama walivyoingia, bila kusema neno, kwa sababu walidhani wanaulizwa jambo moja tu: bunduki iwepo au isiwepo? Hilo ni swali zito, na mzazi hupewa dakika tatu tu za kuzungumza. Njia iliyo bora ni kulivunja vipande vidogo ambavyo bodi haiwezi kuvikwepa, yaani nani atabeba, kwa mafunzo ya saa ngapi, silaha itakaa wapi saa nne asubuhi, na nani atalipa ikitokea ajali.

Ni haki msomaji ajue msimamo wangu tangu mwanzo. Sikubaliani na kuwapa walimu bunduki. Afisa wa polisi aliyefunzwa vyema ninamkubali, mradi mipaka ya kazi yake iwe imeandikwa. Mzazi mwenye maoni tofauti na yangu bado atahitaji majibu ya maswali haya haya.

Anza na sheria ya jimbo lako

Sheria hizi hutofautiana sana kati ya jimbo na jimbo, kwa hiyo usitegemee alichokusimulia ndugu yako anayeishi kwingine. Hapa Ohio, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua mwaka 2021 kwamba mfanyakazi wa shule anayebeba silaha lazima awe na mafunzo ya polisi, ambayo yalizidi saa 700, au uzoefu wa miaka mingi katika kazi hiyo. Mwaka uliofuata bunge la jimbo lilibadilisha sheria, na sasa jimbo linadai mafunzo ya awali yasiyozidi saa 24, na saa 8 za marudio kila mwaka, ingawa bodi ya shule inaruhusiwa kudai zaidi. Florida inataka saa 144 kwa walinzi wake wa shule, na Texas inataka saa 80 kwa wale wanaoteuliwa kuwa maafisa wa ulinzi kutoka miongoni mwa wafanyakazi.

Tazama pia kama una haki ya kujua. Katika Ohio, bodi inayoruhusu silaha lazima iwatangazie wananchi kwamba imefanya hivyo. Katika Tennessee, sheria ya mwaka 2024 inaficha majina ya walimu waliopewa kibali, na mzazi hataambiwa kama mwalimu wa mwanawe ni mmojawao. Kwa hiyo swali la kwanza la kuandika kwa ofisi ya wilaya ya shule ni hili: pendekezo hili linategemea kifungu gani cha sheria ya jimbo, na kifungu hicho kinampa mzazi haki ya kuambiwa nini?

Omba mkalimani kwa maandishi

Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya asili ya taifa lake, na kwa msingi huo shule zimekuwa zikitakiwa kuwafikishia wazazi taarifa muhimu kwa lugha wanayoielewa. Omba walau wiki moja kabla ya kikao. Taja Kiswahili kwa jina, na kama wewe ni wa Uvira au Bukavu, sema kwamba unahitaji mtu anayekielewa Kiswahili cha Kongo, maana nimeshuhudia mkalimani mzuri kutoka Mombasa akipotezana na mzee wa Fizi katika sentensi ya pili. Hifadhi nakala ya barua pepe uliyotuma.

Nakusihi usimtumie mwanao kama mkalimani katika jambo hili. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hapaswi kumfafanulia mama yake jinsi watoto wenzake wanavyoweza kuuawa darasani.

Uliza bunduki italala wapi

Swali hili sikulibuni mimi. Katika kikao kimoja, baada ya msemaji wa wilaya kueleza kwa dakika ishirini habari za ujasiri na wajibu, mama mmoja aliyekuwa ameketi pembeni yangu, mtoto amemlalia mapajani, aliniinamia akasema kwa sauti ya chini: "Dada, muulize hiyo bunduki italala wapi." Nilidhani hajaelewa maelezo. Akaendelea: "Kule kwetu wanajeshi walikaa shuleni. Silaha waliiegemeza ukutani wakienda kuoga. Mtoto wa jirani aliichukua." Nilisimama nikaliuliza swali lake kama lilivyo. Msemaji alitazama karatasi zake, kisha akasema kwamba utaratibu huo ungeandaliwa baadaye.

Usikubali jibu la "baadaye", kwa sababu jambo lote limo humo. Silaha inaweza kukaa mwilini mwa mwalimu au kwenye sefu. Ikiwa mwilini, mwalimu wa darasa la kwanza huinama, hukumbatiwa na kuvutwa nguo siku nzima, huamua ugomvi, na huenda msalani. Mwaka 2018 huko Seaside, California, mwalimu aliyekuwa pia polisi wa akiba alifyatua risasi darasani kwa bahati mbaya akiwa anafundisha usalama wa silaha. Mwaka 2023, katika mji mdogo wa Rising Star, Texas, mwanafunzi wa darasa la tatu aliikuta bastola msalani, nayo ilikuwa imesahauliwa na mkuu wa shule zote za wilaya hiyo. Watu hawa hawakuwa wazembe kuliko wewe na mimi. Walikuwa na silaha mahali penye watoto kila siku ya kazi, na kwa muda mrefu hivyo mtu hupitiwa.

Ikiwa kwenye sefu, uliza sefu iko chumba gani, nani anajua namba zake, na mwalimu atachukua dakika ngapi kuifikia akitokea mwisho wa jengo. Kisha uliza atafanya nini na watoto ishirini na watano alionao wakati anaikimbilia. Hapo ndipo mimi binafsi nilipofikia msimamo wangu, kwa sababu kazi ya mwalimu katika dakika hizo ni kufunga mlango, kuwaweka watoto mbali na dirisha na kuwanyamazisha, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu aliyetoka chumbani.

Uliza pia kuhusu shabaha. Uchunguzi wa risasi zilizofyatuliwa na polisi wa New York kati ya mwaka 1998 na 2006 ulionyesha kwamba katika mapambano ya kurushiana risasi, takriban risasi 18 kati ya 100 ndizo zilizompata mlengwa. Hao ni watu ambao silaha ni sehemu ya kazi yao ya kila siku. Iombe bodi ieleze risasi zinazobaki zitaelekea wapi katika korido iliyojaa wanafunzi, na polisi wanaofika mbio watamtambuaje mwalimu mwenye bastola mkononi.

Jambo la bima lisikupite. Kansas iliporuhusu silaha shuleni mwaka 2013, kampuni iliyokuwa imezikatia bima wilaya nyingi za shule jimboni humo ilikataa kuendelea na shule zenye wafanyakazi wenye silaha. Omba kuona barua ya kampuni ya bima ya wilaya yako kabla ya kura.

Jua hatari inatoka upande gani

Wengi wetu tulilelewa tukijua kwamba anayeshambulia shule hutoka nje. Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 na watu wa Al-Shabaab, na watu 148 waliuawa. Huko Mpondwe, Uganda, waasi wa ADF waliingia usiku wa Juni 2023 na kuwaua wanafunzi mabwenini. Mzazi mwenye kumbukumbu hizo husikia maneno "mlinzi mwenye silaha" na moyo wake unatulia, na ninamwelewa.

Marekani hali ni nyingine. Tazama mashambulizi ya shule za Columbine, Parkland, Uvalde, Oxford na Apalachee: kote huko aliyefyatua risasi alikuwa mwanafunzi wa pale au aliyewahi kusoma pale. Anayajua majengo, na mara nyingi amefanya mazoezi yale yale ya kujifungia darasani. Ripoti ya Idara ya Siri ya Marekani (Secret Service) ya mwaka 2019, iliyochunguza mashambulizi 41 ya shuleni, ilikuta kwamba pale bunduki ilipotumika, karibu robo tatu ya washambuliaji waliitoa nyumbani kwa mzazi au jamaa wa karibu, na kwamba wengi walikuwa wamekwisha kudokeza nia yao kwa mtu fulani. Kwa hiyo iulize bodi ni nani anayepokea habari mtoto anapomwambia mwenzake neno la kutisha, ni saa ngapi hupita kabla mtu mzima hajaifuatilia, na shule ina washauri wangapi kwa wanafunzi wangapi. Na kama una silaha nyumbani, ifungie, risasi ziwe mahali pengine, na ufunguo usiujue mtoto.

Polisi wakipendekezwa badala ya walimu

Kuwapo kwa polisi peke yake hakutoshi. Parkland, mwaka 2018, ilikuwa na afisa mwenye silaha ambaye alibaki nje ya jengo watu 17 wakiuawa. Uvalde, mwaka 2022, walifika maafisa 376, na zilipita dakika 77 kabla mshambuliaji hajauawa. Watoto 19 na walimu wawili walikufa. Huko Nashville mwaka 2023, polisi waliofika shule ya Covenant waliingia bila kungoja na wakamkomesha mshambuliaji takriban dakika 14 baada ya simu ya kwanza, ingawa watu sita walikuwa tayari wameuawa. Omba basi kuona amri iliyoandikwa: afisa wa kwanza kufika anatakiwa aingie peke yake au asubiri? Na mara ya mwisho kuifanyia mazoezi ndani ya jengo hili ilikuwa lini?

Kisha omba makubaliano ya maandishi kati ya wilaya ya shule na idara ya polisi, ukatafute humo neno kuhusu nidhamu. Hili linawagusa watoto wetu moja kwa moja. Takwimu za Wizara ya Elimu za mwaka wa masomo 2017–2018 zinaonyesha kwamba wanafunzi weusi walikuwa takriban 15 kati ya kila wanafunzi 100, lakini karibu theluthi moja ya waliokamatwa shuleni. Makubaliano yaseme wazi kwamba kelele, utoro, simu na ugomvi wa kusukumana ni mambo ya mwalimu mkuu, na kwamba mzazi ataitwa, pamoja na mkalimani, kabla mtoto hajahojiwa. Kama sentensi hiyo haimo, iandike wewe mwenyewe na uiwasilishe.

Dai vitasa

Kamati ya bunge la Texas iliyochunguza Uvalde ilikuta kwamba kitasa cha darasa mojawapo lililoshambuliwa kilijulikana kuwa kibovu na hakikuwa kimetengenezwa, na kwamba milango ya nje haikuwa imefungwa. Siku ya kikao, fika mapema utembee koridoni. Angalia kama mlango wa darasa unafungwa kutoka ndani bila mwalimu kutoka nje na ufunguo. Hesabu milango ya nje iliyoegemezwa jiwe au kiti. Ukisimama kuzungumza, mwenye hesabu hiyo mkononi husikilizwa.

Dakika tatu zako

Jiandikishe kwa karani wa bodi kabla ya muda kufungwa, na uliza kama muda wa mkalimani unahesabiwa ndani ya dakika zako, omba usihesabiwe. Andika maneno machache kwa mfano huu: "Mimi ni mzazi wa watoto wawili katika shule hii. Nina maswali matatu, na ninaomba majibu kwa maandishi kabla ya kura. Silaha itahifadhiwa wapi wakati wa masomo? Bodi itadai saa ngapi za mafunzo zaidi ya kiwango cha jimbo? Vitasa vya milango vilikaguliwa lini?" Kabidhi nakala yenye tarehe, na uombe yaingizwe katika kumbukumbu za kikao.

Kama pendekezo litapita, omba sera kamili, tarehe ya marudio ya mafunzo, na jina la ofisi inayopokea malalamiko. Ziweke karatasi hizo pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto, na tarehe ya marudio ikifika, piga simu uulize kama mafunzo yamefanyika.