Jinsi ya kufuatilia timu ndogo ya chuo inayopigwa kila wiki

Kama chuo chako Marekani kiko Divisheni ya 3 (ngazi ya tatu ya michezo ya vyuo), jua hao madogo hawapewi skolashipu ya michezo, so usiwatukane bure. Ukiangalia futiboli yao ya Kimarekani achana na skoa kwanza, cheki daun ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10), wakibakiza yadi 8 au 9 kila saa ujue wataupiga tu mpira mbali wampe mpinzani, na difensi, kikosi cha ulinzi, inarudi uwanjani hata maji haijanywa, robo ya nne lazima wakate pumzi, na hapo ndo mechi inaendaga. Usikate tamaa lakini, chuo cha Prairie View A&M walipigwa mechi 80 mfululizo kuanzia 1989, kuja kushinda Septemba 1998, 14-12 dhidi ya chuo cha Langston! Ila kocha akibadilisha kwotabeki (anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) kila wiki, lalamika tu.