Futari ya ndizi na maharage

Ndugu zangu wa Arusha mnaofunga, futari si lazima iwe meza iliyojaa sambusa na kachori. Mwili uliokaa tangu alfajiri unataka tende, maji, uji wa moto, kisha kitu kilichochemshwa. Kwetu Ramadhani nzima tunazungusha ndizi, magimbi na viazi vitamu, na tunaingia tarawehe tukiwa wepesi.

Jumamosi nenda soko la Tengeru. Nunua mkungu mzima mgawane na jirani. Ni nafuu kuliko kuokota chane mojamoja mtaani kila siku. Ndizi aina ya mshare ndiyo ya kuchemsha. Kabla ya kumenya paka mafuta kidogo viganjani, maana utomvu ukishaganda unasumbua kutoka, na kila ndizi uliyomenya idumbukize kwenye maji isije ikawa nyeusi.

Maharage nunua kwa sado, na hapa ndipo penye siri: yaloweke wakati wa daku. Alasiri mwaga yale maji, bandika na maji mapya. Yanaiva upesi, mkaa unabaki wa kupikia uji. Yakishalainika tia ndizi, kitunguu, karoti, na tui ukiwa na nazi. Chumvi iwe kidogo, kiu ya kesho inaanzia hapo.

Mnafu na mchicha vifuate sokoni jioni, akina mama wauzaji wakikaribia kufunga meza. Wengi huongeza fungu bila hata kuombwa. Parachichi moja pembeni, basi, mmefuturu.